Neno ni la Nani? Hakimiliki na Uandishi wa Kamusi Elezo Huria kwa Kiswahili



1. Utangulizi

Baadhi yetu tunaofundisha Kiswahili huwapa wanafunzi zoezi la kuandika makala katika Wikipedia, yaani kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichangia. Wikipedia ilizinduliwa kwa Kiingereza mwezi Januari 2001, na tawi lake la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuwahimiza wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania waandike makala humo. Leo tawi hilo lina maelfu ya makala, na sehemu kubwa imeandikwa na watu wasiolipwa hata senti. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, kibaba hicho huweza kumwagika. Mwanafunzi huketi mbele ya kompyuta, akafungua kitabu, akanakili aya tatu, akabadilisha maneno mawili matatu, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Baada ya siku chache makala yake yamefutwa. Anamjia mwalimu na kuuliza: “Mwalimu, nimekosa nini? Kitabu nilichokitumia si nimekitaja?” Swali hilo ndilo chimbuko la mhadhara huu, nami nakiri kwamba si rahisi kulijibu kwa sentensi moja.

Hoja yangu kuu ni kwamba sheria ya hakimiliki haiyafungi maarifa. Inacholinda ni namna maarifa yalivyosemwa. Mwandishi anayeielewa tofauti hiyo hana sababu ya kuiogopa sheria. Zaidi ya hayo, kanuni inayomtaka aandike kwa maneno yake mwenyewe ndiyo inayokijengea Kiswahili nathari ya kitaaluma tunayoililia kila siku.

2. Sheria inalinda nini?

Msingi wa sheria za hakimiliki duniani ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kila nchi ina sheria yake: Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 1999, Kenya ina ya mwaka 2001, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Yapo mambo matatu katika mfumo huu ambayo mchangiaji wa kamusi elezo hana budi kuyajua.

La kwanza ni kwamba hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mtunzi halazimiki kusajili popote, wala kuweka alama yoyote kwenye jalada. Kwa hiyo dhana kwamba maandishi yaliyo mtandaoni bila onyo lolote ni ya bure haina msingi. Ukimya wa mwenye mali haumpi mpita njia ruhusa ya kuichukua.

La pili ni kwamba ulinzi huishia kwenye usemi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, uliotiwa saini mwaka 1994, unatamka wazi kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa na hailindi mawazo, taratibu, wala mbinu. Nchini Marekani Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1991, katika kesi ya Feist, kwamba majina na namba zilizopangwa kialfabeti katika kitabu cha simu hazina hakimiliki, kwa kuwa ukweli hautungwi na mtu, hugunduliwa tu. Hata jasho jingi la kuukusanya ukweli halimfanyi mkusanyaji kuwa mmiliki wake.

La tatu ni kwamba kutafsiri ni haki ya mtunzi, na tafsiri nayo ni kazi mpya yenye hakimiliki yake. Tamthilia za Shakespeare ni mali ya umma ulimwenguni kote. Lakini *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, ni kazi ya Nyerere. Yeye alifariki mwaka 1999, na kwa hesabu ya miaka 50 baada ya kifo, tafsiri hiyo italindwa Tanzania hadi mwisho wa mwaka 2049. Anayetaka kuandika makala kuhusu mgogoro wa tamthilia hiyo yuko huru. Anayetaka kuibandika tafsiri yenyewe, onyesho kwa onyesho, hana uhuru huo.

3. Mfano wa Siti binti Saad

Nadharia hueleweka vyema ikitiwa katika mfano. Tumchukue mwanafunzi anayetaka kuandika makala kuhusu Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Chanzo cha kwanza atakachokifikia ni *Wasifu wa Siti binti Saad*, kitabu cha Shaaban Robert.

Kwamba Siti alizaliwa Fumba, kwamba alitoka katika jamaa ya wafinyanzi, kwamba mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri: haya ni mambo ya kweli yaliyotokea. Hayakuwa mali ya Shaaban Robert alipokuwa hai, wala si mali ya mtu yeyote leo. Mwanafunzi ana haki ya kuyaeleza yote.

Sasa tuseme kitabu fulani kimeandika sentensi hii, ambayo nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano: “Binti wa mfinyanzi alitembeza vyungu mitaani, na sauti yake ya kunadi iliwafanya wapita njia wasahau walikokuwa wakienda.” Mwanafunzi mvivu ataandika: “Mtoto wa mfinyanzi alizungusha vyungu mitaani, na sauti yake ya kunadi ilifanya wapitao wasahau walikokwenda.” Amebadilisha visawe, lakini mpangilio, taswira na mwendo wa sentensi ni vya mwenyewe aliyeitunga. Sheria inaweza kuyaona hayo kuwa nakala, na wahariri wa kamusi elezo hawatasita kuyafuta. Mwanafunzi makini atakifunga kitabu, atajiuliza ameelewa nini, kisha ataandika: “Siti alitoka katika jamaa ya wafinyanzi. Kabla ya kujulikana kama mwimbaji alikuwa akiuza vyungu mjini.” Taswira ya wapita njia imeachwa, maana hiyo ni ya mtunzi. Ukweli umebaki.

Hapa tunaweza kumjibu yule mwanafunzi aliyefutiwa makala. Kutaja chanzo ni jawabu la kosa jingine, yaani wizi wa kitaaluma, ambao ni kujivika kazi ya mwingine kana kwamba ni yako. Uvunjaji wa hakimiliki ni kuitumia kazi ya mwingine bila idhini yake, hata kama umemtaja kwa heshima zote. Makosa haya mawili huweza kwenda pamoja, lakini huweza pia kutengana. Anayenakili sura nzima na kumtaja mwandishi hajaiba sifa, bali amevunja hakimiliki. Anayenakili utenzi wa kale bila kusema ameutoa wapi hajavunja hakimiliki, bali amewadanganya wasomaji wake.

Dondoo fupi ni suala jingine. Mkataba wa Berne unaruhusu kudondoa kazi iliyokwisha kuchapishwa, mradi dondoo lisizidi haja, na chanzo na mtunzi watajwe. Mhakiki anayechambua mtindo wa Shaaban Robert hawezi kufanya kazi bila kumdondoa. Jambo la kukumbuka ni kwamba dondoo huja kuithibitisha hoja ya mwandishi. Likigeuka kuwa mwili wa makala, si dondoo tena.

4. Kazi za kale na hesabu ya miaka

Hakimiliki haidumu milele. Katika sheria za Kenya na Tanzania, kazi ya fasihi hulindwa katika maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Katika nchi za Ulaya kama vile Uingereza na Ujerumani, miaka hiyo ni 70. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya Tanzania ulinzi wa kazi zake ulikoma mwisho wa mwaka 2012.

Je, tukimbilie basi kuvipakia vitabu vyake vyote? Tusiharakishe. Seva kuu za Wikipedia ziko Marekani, na shirika linaloiendesha limesajiliwa huko. Marekani ina hesabu yake kwa kazi za kigeni, inayotegemea tarehe ya kuchapishwa na hali ya kazi hizo katika nchi zao ilipofika Januari 1996. Kwa hiyo mchangiaji aliye Dodoma au Mombasa hutumikia sheria mbili: ya nchi yake na ya nchi zilipo seva. Kazi iliyo huru kwa moja yaweza kuwa bado imefungwa kwa nyingine.

Zipo hazina ambazo hazina utata huo. Hadithi za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na Askofu Edward Steere zilichapishwa London mwaka 1870, naye Steere akafariki mwaka 1882. Kamusi ya Ludwig Krapf ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kamusi ya A. C. Madan ya Kiswahili na Kiingereza ilitoka mwaka 1903. Zote hizi zimekuwa mali ya umma, na mtu aweza kuzinakili neno kwa neno, ingawa uadilifu wa kitaaluma bado unamdai azitaje.

Ushairi wa kale unataka tahadhari zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hayana mwenye hakimiliki. Lakini wengi wetu tumeyasoma katika kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz cha mwaka 1979, na kitabu hicho kina utangulizi, tafsiri ya Kiingereza na maelezo ambayo ni jasho la akili ya Abdulaziz. Ubeti wa Muyaka ni wetu sote, ilhali maelezo yaliyoandikwa chini ya ubeti huo si yetu. Vivyo hivyo kwa tenzi zilizohaririwa kutoka miswada ya hati za Kiarabu: utenzi ni wa kale, lakini utangulizi na sherehe za mhariri huenda ni za juzi.

5. Kamusi na istilahi

Swali linaloulizwa sana na wanaleksikografia ni hili: nikitumia istilahi zilizobuniwa na chombo fulani, je, nimevunja hakimiliki? Jibu ni hapana. Neno moja halina hakimiliki. Maneno yaliyosanifiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu lilipoundwa mwaka 1967, au yaliyopendekezwa na wanaisimu wa Dar es Salaam na Nairobi, yalibuniwa ili yatumiwe. Neno lisilotumiwa limekufa kabla ya kuzaliwa.

Jambo hubadilika tunapoingia katika fasili. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ilitolewa kwanza mwaka 1981 na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ikafuatiwa na matoleo ya 2004 na 2013. Kwamba neno fulani ni nomino ya ngeli fulani ni ukweli wa lugha. Sentensi iliyoandikwa kufafanua maana yake, mfano wa matumizi uliotungwa, na uteuzi wa vidahizo kwa ujumla wake ni kazi ya watu. Anayehamisha fasili mia moja kutoka kamusi hiyo hadi kwenye kamusi elezo amenakili kitabu. Anayesoma fasili hizo, akazilinganisha na matumizi halisi ya wazungumzaji, kisha akaandika fasili yake, amefanya leksikografia.

6. Leseni: unatoa nini unapochangia?

Hadi sasa tumezungumzia mali ya wengine. Tugeukie mali ya mchangiaji mwenyewe. Kila anayehifadhi maandishi katika Wikipedia huwa ameyatoa chini ya leseni huria. Hadi mwaka 2009 leseni hiyo ilikuwa ile ya nyaraka huria ya mradi wa GNU. Tangu hapo hutumika leseni ya Creative Commons inayodai kutaja watunzi na kushiriki kwa masharti yaleyale, na toleo lake la 4.0 lilianza kutumika mwaka 2023.

Mchangiaji haipotezi hakimiliki yake. Ila ametoa ruhusa ambayo hawezi kuirudisha. Mtu yeyote aweza kuyanakili maandishi yake, kuyabadilisha, kuyatafsiri, hata kuyachapisha katika kitabu na kukiuza, mradi awataje watunzi na atoe kazi yake kwa leseni hiyohiyo. Msomi asiyeridhia jambo hilo asichangie. Haifai aridhie leo na kulalamika mwakani.

Hapa yatokana mambo matatu. Kwanza, mtu hawezi kugawa shamba asilolimiliki. Mwandishi aliyehamishia hakimiliki ya makala yake kwa mchapishaji wa jarida hawezi kuyapakia makala hayohayo, ingawa aliyaandika kwa mkono wake. Aliye na kazi yake iliyokwisha kuonekana kwingine, na bado anaimiliki, anapaswa kuthibitisha idhini yake kwa maandishi kabla hajaipakia.

Pili, ruhusa yenye mipaka haitoshi. Mara nyingi mwenye kazi hujibu kwa ukarimu: “Tumieni kwa elimu tu, msiuze.” Ukarimu huo haukubaliki katika kamusi elezo hii, kwa kuwa leseni yake inaruhusu biashara. Anayeomba idhini sharti amweleze mwenye mali bila kumficha kwamba anachoombwa ni kuiachilia kazi yake kwa watu wote na kwa matumizi yote.

Tatu, makala mengi ya Kiswahili hutafsiriwa kutoka Wikipedia ya Kiingereza. Tafsiri hiyo inaruhusiwa, lakini sharti la kuwataja watunzi linabaki palepale. Jambo la kufanya ni dogo: unapohifadhi, andika katika kisanduku cha muhtasari kwamba umetafsiri, kutoka makala gani na lugha gani, ukiweka kiungo. Ukurasa wa historia wa makala ndiyo daftari la waliochangia, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wanaotumia mashine za kutafsiri nao wajue kwamba mashine haiitakasi kazi. Ukurasa wa kitabu chenye hakimiliki, ukipitishwa katika mashine ukatoka kwa Kiswahili, ungali tafsiri ya kitabu kilekile.

7. Picha na simulizi

Picha zina sheria ileile, lakini hukosewa zaidi. Mwenye picha, kwa kawaida, ni aliyeipiga, wala si aliyepigwa. Jamaa aliye na picha ya marehemu babu yake sebuleni anamiliki karatasi, na si lazima awe anamiliki hakimiliki. Tukirudi kwa Siti, maneno ya wimbo, sauti iliyorekodiwa na picha ya mwimbaji ni haki tatu mbalimbali, na kila moja ina mwenyewe na miaka yake. Njia iliyo salama ni mchangiaji kupiga picha zake mwenyewe: za soko, za msikiti wa kale, za mtumbwi wa ngalawa. Kufanya hivyo kutaijaza pia kamusi elezo taswira za kwetu.

Simulizi za jamii zinadai busara ya namna nyingine. Ngano isiyo na mtunzi anayejulikana haina hakimiliki ya kawaida, lakini sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 ina masharti kuhusu sanaa za jadi, na Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na usemi wa kitamaduni. Mtafiti aliyeketi na bibi kizee Pate au Kilwa akasimuliwa hadithi ana deni kwake kabla ya kuwa na deni kwa sheria. Amwombe ruhusa kwa lugha anayoielewa, amweleze kwamba hadithi itasomwa na ulimwengu, na akikataa, heshima ni kuiacha.

8. Hitimisho

Niruhusuni nirudi kwa mwanafunzi tuliyeanza naye. Hasara ya makala yake kufutwa haikumpata yeye peke yake. Kamusi elezo huhifadhi kila toleo la ukurasa. Aya iliyonakiliwa ikiwekwa mwanzoni, kila anayekuja baadaye hujenga juu ya msingi huo: mmoja anasahihisha tahajia, mwingine anaongeza tarehe, wa tatu anaongeza sura nzima kwa jasho lake. Siku kosa linapogunduliwa, jengo hubomolewa hadi chini, na kazi halali ya wengine huenda nalo. Katika lugha yenye wachangiaji wengi hasara hiyo hufidiwa upesi. Sisi wachangiaji wetu ni wachache, na anayevunjika moyo leo huenda asirudi kesho.

Upande wa pili wa mizani wako watunzi wetu. Uandishi wa Kiswahili ni kazi yenye malipo madogo. Kitabu kinachonakiliwa bure mtandaoni ni chakula kilichoondolewa mezani kwa mtunzi au kwa warithi wake, na hatuwezi kudai kwamba tunakipenda Kiswahili huku tukiwafilisi wanaokiandika.

Ushauri wangu kwa wanafunzi ni mfupi. Someni vyanzo vitatu badala ya kimoja, maana anayesoma kimoja hukinakili hata asipokusudia. Fungeni vitabu kabla ya kuandika. Andikeni mlichokielewa, kisha fungueni tena vitabu mhakikishe tarehe na majina. Tajeni vyanzo. Mkiwa na shaka kuhusu picha au maandishi, yaacheni hadi shaka iondoke.

Kwa wanataaluma wenzangu nasema hivi. Tumelalamika miaka mingi kwamba Kiswahili hakina maandishi ya kutosha katika sayansi, historia na sheria. Maandishi hayo hayatapatikana kwa kuhamisha aya za wengine kutoka ukurasa hadi ukurasa, kwani mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yatapatikana pale mwandishi atakapolazimika kutafuta sentensi yake mwenyewe ya kueleza jinsi figo inavyochuja damu au jinsi mji wa Kilwa ulivyoanguka. Sheria ya hakimiliki inatulazimisha kuitafuta sentensi hiyo. Tukiipata, itakuwa yetu kuitoa.